Bakuli la Mama Sweta

Mama Sweta aliingia jumba la picha na fimbo yake mkononi na jambo moja tu moyoni: leo ataijua picha yake. Miaka nenda rudi dada yake, mchoraji mwenye jina, alikuwa akimwambia, "Nimekuchora, mdogo wangu, umetoka vizuri." Akiuliza vizuri vipi, anajibiwa vizuri tu. Watu wenye macho wana uvivu wao.

Jumba lilikuwa limeanza utaratibu mpya kwa wageni wasioona. Mama Sweta na wenzake wa chama cha wasioona waliketishwa mbele ya picha, binti mtembeza wageni akawasomea maelezo kwenye karatasi, na pembeni mpiga gitaa akapiga muziki alioutunga kwa kuitazama picha hiyohiyo. Picha ya kwanza ilikuwa ya soko lililonyeshewa mvua. Sauti za gitaa zilidondoka kama matone, vizuri kiasi kwamba mzee mmoja alipandisha kola ya koti, jirani yake akamgusa akacheka.

Kisha wakahamia kwenye picha ya dada mtu. Mwenyewe alikuwepo. Mama Sweta alimtambua kwa harufu ya mafuta ya rangi na kwa bangili zake ambazo hazijawahi kutulia.

"Mwanamke ameketi karibu na dirisha," binti akasoma. "Gauni lake ni la kijani. Mwanga unamwangukia mabegani. Mikono yake iko mbele yake na uso wake umetulia."

Maneno yalikuwa laini kama pamba, lakini gitaa halikukubaliana nayo. Lilianza polepole, kweli, ila lilipofika kwenye mikono likawa linagonga sauti moja, ileile, inapanda kidogo inakatika, inapanda inakatika, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyofunguliwa.

Mama Sweta akainua fimbo. "Simama hapo, baba. Hapo kwenye mikono unambishia hodi nani?"

Gitaa likanyamaza. Bangili nazo.

"Nimepiga nilichokiona, mama," mpiga gitaa akasema.

"Umeona nini?"

"Maelezo ndiyo hayo yaliyosomwa," binti akawahi. "Yamepitishwa na ofisi."

"Wewe umesoma vizuri, mwanangu, sina ugomvi na wewe. Namuuliza huyu."

Mpiga gitaa alivuta pumzi. "Umeshika bakuli tupu, mama. Umelinyoosha mbele, na mdomo uko wazi kidogo. Mtu akisimama hapa anaona unaomba."

"Na picha inaitwaje?"

Binti akasema kwa sauti ya chini, "Inaitwa Msaidieni."

Mama Sweta alihisi masikio yakiwaka moto. Yeye, ambaye mashine yake ya kufuma imevisha sweta shule nzima, ametundikwa ukutani akiomba, na kila mpita njia amemwonea huruma akaenda zake. Halafu watu wa ofisi, kwa adabu zao, wakalificha bakuli asiumie. Wameliona wote isipokuwa mwenye kulishika.

"Dada."

"Niliwaambia wasilitaje," dada akasema. "Sikutaka uumie."

"Kumbe kuchora hukuogopa, umeogopa kusema."

"Ni sanaa, mdogo wangu. Yule si wewe. Ni mfano tu."

"Kama si mimi, mbona umemvalisha gauni langu?"

Mzee wa kola alikohoa kicheko.

"Lile bakuli nalikumbuka," Mama Sweta akaendelea, safari hii akiwageuzia uso wenzake. "Lilikuwa chafu. Zamu ya kuosha vyombo ilikuwa yake, naye alikuwa amekaa na brashi zake tangu asubuhi. Nikamnyooshea bakuli nikamwambia, shika, osha. Mdomo huo mnaoambiwa uko wazi ulikuwa unasema hivyo."

Kiti cha mzee kililia kwa kucheka, na wengine wakafuata.

"Unaniaibisha mbele za watu," dada akasema.

"Umenitembeza na bakuli nchi nzima, dada. Sifa umepata, sikunyimi, na sitaki iteremshwe. Ila picha hiyo haitanisemea tena." Akavuta kiti chake, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta chini ya picha. "Mwanangu, soma tena. Safari hii bakuli ulitaje, maana lipo."

"Mama, karatasi siruhusiwi kuibadilisha. Mkuu akisikia atanifukuza."

"Mwambie kuna mwanamke mkaidi kakataa kuondoka ukutani, ukashindwa kumbeba. Huo si uongo, jaribu uone."

Binti akaguna, karibu acheke. Mpiga gitaa akauliza, "Na mimi nibadilishe?"

"Hapana. Hodi yako iache, ndivyo alivyonichora. Nikianza kusema mimi, ndipo upige kama mtu anayeamrisha."

Binti akasoma upya. Alipofika kwenye mikono alisita, kisha akasema wazi, "Ameshika bakuli tupu, amelinyoosha mbele." Gitaa likabisha hodi. Halafu Mama Sweta akaanza kusimulia lile bakuli chafu, na gitaa likabadilika, likawa linatembea kwa kishindo cha kisigino.

Kabla hajamaliza, kundi jingine liliingia, la watu wanaoona, viatu vikasita mlangoni.

"Mama, basi la chama chenu linawasubiri," binti akanong'ona.

"Liende tu." Alisikia bangili zikisogea taratibu kuelekea nje, hakuziita. Akawageukia wale wa mlangoni. "Karibuni, sogeeni. Huyu hapa juu ni mimi, na kabla hamjanionea huruma, nina neno."