Silabi Mbili

Mama ndiye aliyeikuta karatasi ya hospitali, alipolitoa godoro nje kulianika. Alikuwa amekuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe, siku ya pili baada ya maziko, amuuguze bintiye. Mikono yake, iliyokakamaa kwa udongo wa kufinyangia vyungu, iliishika karatasi ile kwa ncha za vidole.

“Keziya,” aliita, “kumbe mtoto alipewa jina, nawe hukuniambia?”

Keziya akatazama kidole kilipotua. Neno moja, kwa wino mwekundu: Stillbirth. Mwaka wa sita huu anafundisha Kiingereza sekondari, Ndandalo, na maneno mawili yaliyoungana kuwa moja huyachambua kama anayemenya ndizi. Hili lilisema mtoto amezaliwa hana pumzi. Alitaka kumwambia mama hivyo. Ulimi ukagoma. Tangu siku ile hakuwa amemtaja mtoto kwa yeyote, hata kwa Lugano, mumewe, aliyekuwa akishinda kwenye mikakao hadi jua lizame.

“Nifundishe kulitamka,” mama alisema. “Kila ninapomwombea namwita ‘yule’. Mjukuu wangu si ‘yule’.”

Sauti iliyomtoka Keziya ilikuwa ya darasani, kavu.

“Lina silabi mbili tu, mama. Still. Birth. Mkazo uko kwenye ya kwanza.”

“Sitilibathi.”

“Usitie irabu katikati.” Akalipiga paja lake mara mbili, ya kwanza kwa nguvu, ya pili kwa kugusa tu.

Ndipo neno lilipomfungukia. Still: tuli, kimya. Wenye lugha yao walikuwa wameubebesha ukimya uzito wote. Kuzaliwa kwenyewe kukabaki kwa kunong’ona. Miezi tisa, kisha mguso mmoja mwepesi pajani.

“Nimelipata,” mama alisema. “Ndaga, asante, mwanangu.”

Jioni mama akaenda nyuma ya migomba, akapiga magoti penye udongo mbichi wa kaburi.

“Sitilibathi,” aliita, akiikaza ile ‘ba’ kwa kifua chote. “Sitilibathi wa Keziya!”

Keziya, mlangoni, alifumbua kinywa asahihishe, asijue asahihishe nini. Lugano alikuwa anaingia uani, panga mkononi. Akasimama.

“Mama anamwita nani?”

“Binti yetu,” Keziya alisema.

Kule migombani mama aliita tena, kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuitika.