Degedege Halina Mabawa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa. Sisi wa Kitopeni tulilisikia la mkuu, tulilisikia vizuri mno, na guu lililovunjika ni letu. Tungekuwa viziwi tungebaki wazima.

Mkuu alisema tushuke bondeni. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji, na watu wa vitongoji vya Kirongwe waliokuwa wametawanyika minazini waliambiwa wakusanyike mahali pamoja wapate shule, kisima na duka la ushirika. Sikuwa na ugomvi na hilo. Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza stashahada yangu ya ualimu, nikapangiwa kufundisha kwetu, na Ujamaa niliusoma nikauamini. Ugomvi wangu ulikuwa na mahali. Mwenyekiti wetu, Mzee Mtoro, alichagua Kitopeni kwa sababu ni tambarare na barabara inapita karibu, ili mgeni wa serikali akija kuona kijiji asilazimike kushuka garini.

Kitopeni. Jina lenyewe linasema. Babu zetu walilima mpunga pale tangu enzi, wala hapana hata mmoja aliyejenga kibanda cha kulala. Jua likianza kupinda walibeba majembe wakapanda juu mchangani, kwenye upepo. Ukiwauliza sababu, walikujibu kwamba bondeni kuna mashetani usiku. Sawa. Mashetani yale yalikuwa na mabawa mawili na yalivuma masikioni. Wazee walikosea jina tu. Namna ya kuyakimbia waliijua. Mwenyekiti akabadili jina la bonde, akasimamisha kibao kilichoandikwa Neema, akadhani mbu hujua kusoma.

Tukajenga. Nyumba ya udongo hutaka udongo, na kila mwenye nyumba alichimba wake palepale ubavuni, asihangaike kubeba. Hakuna aliyefukia shimo lake. Masika yalipoingia, kila mlango ukawa na kiziwa chake, maji ya rangi ya chai ya maziwa, bata wanaogelea, na ukiinama unaona viluwiluwi wa mbu wanajipinda kama alama za mkato zilizotoroka daftarini. Masika hayajafika katikati, watoto wakaanza kuanguka.

Mimi ni mtu wa maneno. Kiswahili nimekinyonya, na anayekivunja mbele yangu namsahihisha hata awe mgeni wa heshima. Lakini liko neno moja ambalo ningeweza ningelizika. Mtoto akipandwa na homa mpaka macho yanageuka na viungo vinakakamaa, kwetu hawasemi homa. Wanasema degedege: ndege mkubwa asiyeonekana amepita juu ya paa na kivuli chake kimemwangukia mtoto. Na neno likishasema ndege, tiba yote humfuata ndege. Mtoto hufunikwa kaniki, nguo nyeusi, ndege asimwone. Hufukizwa, ndege akimbie. Na hachomwi sindano, maana sindano hutoboa mwili na kumfungulia ndege mlango. Mwenye degedege akichomwa hufa. Hivyo ndivyo wanavyosema, na wanasema kwa yakini ya mtu anayekueleza kuwa maji ya bahari yana chumvi.

Bingwa wa tiba hiyo alikuwa shangazi yangu wa damu, Bi Mwanasiti, dada wa marehemu baba. Sikashifu kila alijualo. Mavumbasha yake akiyachoma, mbu hukimbia kweli, na mimi mwenyewe huyachoma chumbani kwangu. Lakini fukizo la degedege lilitaka mavi ya tembo, na kisiwa chetu cha Mafia hakina tembo. Siku moja nilimuuliza anayapata wapi.

"Yanatoka Rufiji," akasema.

"Nani anayaleta?"

"Wewe mtoto unapenda maswali. Siku hizi hayaji. Natumia ya kiboko."

"Kiboko na tembo ni kitu kimoja, shangazi?"

"Wote wakubwa," akasema, akaendelea kutwanga.

Mtoto wa kwanza kufa alikuwa wa jirani yetu Mwanamkuu. Alifukizwa kutwa nzima, na alipoanza kukata roho ndipo baba yake alipomkimbiza zahanati ya Kirongwe. Mganga wa zahanati, Bwana Abeid, alimchoma sindano, na mtoto akafia mikononi mwake. Kijiji kikarudi mazikoni kimesadiki. Mmeona? Sindano. Ule moshi wa kutwa nzima hakuna aliyeukumbuka. Wa pili hakupelekwa kokote. Wa tatu vilevile. Nilizunguka mlango kwa mlango nikieleza habari za mbu na mashimo, na nilijibiwa kwa adabu kubwa, "Ahsante, mwalimu," kama anavyojibiwa mtu anayeuza kitu kisichotakiwa.

Kisha ikawa zamu ya Saleha.

Saleha ni binti wa dada yangu Mwatima, alikuwa hajatimiza miaka minne. Nilikuwa darasani, jirani mmoja akaja dirishani kuniambia kwamba mtoto wa dada yangu ameangushwa. Niliacha sentensi nusu ubaoni nikakimbia. Mume wa Mwatima, Othmani, alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi upande wa pili wa kisiwa, na dada alikuwa peke yake.

Nilimkuta chumbani, dirisha limezibwa kwa gunia, moshi umejaa mpaka darini. Saleha alikuwa chini ya kaniki, nyayo tu zinaonekana, zinatikisika. Nikamfunua. Macho yalikuwa meupe, na ngozi yake ilichoma kama kikaango.

"Usimfunue," akasema Mwatima. "Shangazi amekataza."

"Yuko wapi shangazi?"

"Amekwenda kuchimba mizizi. Amesema asiguswe mpaka arudi."

"Mbebe, twende zahanati."

"Arafa, hili degedege."

"Hii homa, dada. Homa ya mbu, imempanda kichwani."

"Wa Mwanamkuu ulimwona?"

"Nilimwona. Nilimwona kutwa nzima akibanikwa kama samaki. Alifika kwa Bwana Abeid amekwisha."

"Alifika anapumua. Sindano ikaingia, akaacha kupumua. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Nenda na vyeti vyako, niachie mwanangu."

Dada yangu hakuwa mjinga. Alikuwa mama aliyeona kwa macho yake sindano inaingia na roho inatoka. Ningeweza kusimama pale nikamsomesha mpaka adhuhuri, naye angenisikiliza mpaka adhuhuri, na Saleha asingeifikia adhuhuri. Povu lilikuwa limeanza kumtoka mdomoni.

Basi nikasema uongo.

"Nimekutana na shangazi njiani," nikasema. "Amenituma. Anasema ametafakari, ameona si degedege. Ni homa tu. Anasema mpelekeni zahanati upesi, fukizo halina kazi hapa."

Mwatima akaniangalia. "Shangazi amesema?"

"Amesema."

"Apa."

"Wallahi."

"Apa vizuri."

"Wallahi, wabillahi, watallahi."

Kabla sijamaliza alikuwa ameshambeba. Tulipita njia ya nyuma, minazini, tusije tukakutana na shangazi mwenyewe na mizizi yake. Dada alikuwa mbele, hakunisubiri, na mimi nyuma yake nilikuwa nikiomba kwa Mungu yuleyule niliyetoka kumtaja kwa uongo.

Bwana Abeid hakuuliza mengi. Alimchoma mtoto pajani. Mwatima aligeuza uso ukutani. Tukakaa tukimpepea na kumpangusa kwa kitambaa cha maji. Mitetemo ilipungua, ikakoma. Alasiri ilipoingia, Saleha alifungua macho akataka dafu. Akapewa maji, akayakataa, yeye anataka dafu. Sijapata kuufurahia ukaidi wa mtoto kama siku ile.

Nilidhani kijiji kitajifunza. Kumbe shangazi alikuwa amerudi na mizizi yake, akakuta kaniki imetupwa chini na chumba kitupu, na majirani waliotusikia ukutani wakamweleza alichokuwa amesema yeye mwenyewe. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mtoro. Ijumaa, watu walipotoka kuswali, nikaitwa mbele ya duka la ushirika, na kijiji kizima kilikuwa kimeketi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo unanisalimia, juzi ulinisemea."

Watu wakacheka. Nami nilipenda namna alivyolisema, nakiri. Ulimi ni wa ukoo.

"Waambie," akasema. "Mimi nilikutuma?"

"Hukunituma."

"Ulikutana nami?"

"Sikukutana nawe."

"Na ukaapa?"

"Nikaapa. Viapo vitatu."

Mzee mmoja akasema astaghfirullah, na wengine wakaidaka. Shangazi akawageukia watu. "Sasa mimi nawaambia ukweli. Mtoto yule nilikuwa nimemfukiza tangu alfajiri. Ndege alikuwa ameshatoka. Hiyo sindano yao ilikuta nyumba tupu, ndiyo maana haikumdhuru."

Na wakaitikia kwa vichwa. Wanaume wazima, wake zao, watu walionijua tangu natambaa, wakaitikia.

"Wa Mwanamkuu alipokufa, ilikuwa sindano," nikasema. "Wa Mwatima amepona, ni fukizo. Mchezo gani huu, shangazi, ambao wewe hufungwi?"

"Una ulimi, wewe."

"Nimeurithi kwa dada wa baba."

"Na adabu hukurithi?"

"Adabu ninayo. Nisichonacho ni subira ya kuzika. Mnawaweka watoto motoni kutwa, mnawapeleka zahanati wakiwa wanakata roho, kisha mnaishtaki sindano. Na huyo ndege, tulipokuwa tunakaa juu mchangani alikuwa wapi? Kule degedege tulilisikia kwa nadra. Tumeshuka huku, masika moja tu, tumezika watoto watatu. Ndege gani asiyependa upepo? Tazameni milango yenu. Kila mlango una shimo, kila shimo lina maji. Mbu anazaliwa mlangoni, anakunywa damu chumbani, na ninyi mnatazama juu ya paa. Yafukieni mashimo. Na bonde likiendelea kujaa maji, turudi juu."

Mzee Mtoro aliposikia turudi juu, akainuka.

"Mwalimu, chunga. Unasema kijiji ni kibovu?"

"Nasema mahali ni pabovu, mzee."

"Mahali pamepangwa na Chama."

"Basi Chama kije kilale hapa masika, bila chandarua."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenyekiti akaongea taratibu, kwa ile sauti ya mtu anayekupa nafasi ya mwisho. Alisema nina makosa mawili: nimemwekea mtu mzima maneno mdomoni kwa kiapo cha uongo, na nimekikashifu kijiji hadharani. Alisema hataki kunidhalilisha, mimi ni mtoto wao. Niseme samahani moja, itoshe kwa yote mawili, tusome fatiha, watu wakale. Nikikataa atamwona Afisa Elimu Kilindoni, nihamishwe.

Kisha Mwatima akasimama, Saleha kiunoni mwake, ananyonya kidole. Huyo sikumtarajia.

"Arafa," akasema, "mwanangu ninaye, nashukuru. Lakini uliniapia uongo. Mimi, dada yako. Nitakuamini vipi tena? Omba radhi, mdogo wangu, yaishe."

Hilo liliniuma kuliko yote. Neno lilikuwa jepesi, lilishafika kwenye meno. Shangazi alikuwa ananitazama bila chuki, nadhani angenikumbatia. Hapo nikamwona Mwanamkuu. Alikuwa ameegemea nguzo ya duka, mgongoni amembeba mdogo wa yule mtoto aliyemzika, na alikuwa hanitazami macho, ananitazama mdomo. Alikuwa anasubiri nitakachosema. Nikisema samahani, yeye atasikia nini? Hatasikia habari za kiapo. Atasikia kwamba hata mwalimu amekubali: sindano ilikuwa makosa, kaniki ndiyo haki. Na masika yalikuwa bado hayajaisha, mashimo yamejaa, na kichanga chake kilikuwa na alama za mbu uso mzima.

"Dada," nikasema, "kiapo nilichoapa ni changu na Mwenyezi Mungu, na kafara yake nitaifunga. Wewe usiniamini, una haki. Lakini Saleha akishikwa tena na ukakataa kumpeleka, nitaapa tena, na safari hiyo nitaapa vizuri zaidi. Mzee Mtoro, Kilindoni unaijua njia, nenda ukaniseme, nihamishwe. Mashimo hayatahama nami. Shangazi, nitakuamkia kila nikuonapo, na nikikuona unamfunika mtoto kaniki nitaifunua. Mwanamkuu, huyo uliyembeba akipata homa usimngoje mtu, mpeleke kwa Bwana Abeid angali anapumua vizuri."

"Tunangoja hiyo samahani," akasema Mwenyekiti.

"Mtangoja sana, mzee. Sikukosea. Siombi radhi."