Moshi Nyuma ya Uzio

Kocha Arcesio alikataa kiti, akakataa na kahawa. Alisimama mlangoni kwa Olmedo, kofia mkononi, akauliza swali lililomleta.

"Kapteni, nataka neno lako. Jumamosi nimpange Yahir katikati tangu mwanzo, au nikupange wewe na hilo goti lako?"

San Telmo nzima ilikuwa inauliza swali hilo: kwa kinyozi, kwenye foleni ya gesi, hata kanisani padri akiwa bado anahubiri. Fainali ya besiboli dhidi ya Río Hondo ilikuwa imebakiza mechi moja ya kuamua, na nyasi za katikati, kule nyuma anakosimama mlinzi wa kudaka mipira mirefu, hazikuwa na mwenyewe. Yahir Frías, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka vijiji vya mlimani, alikuwa anakimbia kama aliyefukuzwa na nyuki, na gongo lake la kupigia mpira hakuna aliyelibishia. Shida ilikuwa mpira mmoja tu wa nusu fainali. Siku hiyo goti la Olmedo liligoma, kijana akaingia badala yake zamu ya mwisho. Mpinzani akaupiga mpira juu, juu sana, na Yahir akageuka mbio kurudi nyuma mpaka uzioni. Kumbe mpira wenyewe ulikuwa unarudi. Ukaanguka mbele yake, mbali, kwenye majani matupu, na mechi ikapotea. Baada ya hapo San Telmo walilazimika kushinda mechi zote zilizobaki za nusu fainali ndipo waingie fainali. Tangu siku hiyo kijana hakuwa tena Yahir. Alikuwa Miwani.

"Haoni, au anaogopa?" aliuliza Kocha. "Mimi nilikuwa mrushaji maisha yangu yote. Kule nyuma kwangu ni ugenini. Wewe ndiye unayemfundisha, wewe ndiye unayemjua."

Olmedo alilijua jibu, na halikuwa la macho wala la woga. Lilimfika mpaka ulimini. Kisha akafikiria jezi yake, bendi ya tarumbeta inavyopiga wimbo wake akiingia uwanjani, na kwamba huu ulikuwa msimu wake wa mwisho, apende asipende.

"Bado mbichi, Kocha," alisema. "Mechi kubwa namna hii itamtafuna."

"Basi nikupange wewe."

"Nipange mimi."

Kocha alivaa kofia yake na kuondoka akiwa ametua mzigo. Mzigo wenyewe alimwachia Olmedo pale sebuleni. Olmedo akajiambia kwamba hajasema uongo, kwamba kila mtu wa miaka kumi na tisa ni mbichi. Lakini mtu akishafika mahali pa kujitetea peke yake mbele ya viti, mambo yake si mazuri, na yeye alilijua hilo.

"Nimesikia," alisema mkewe, Nereida, kutoka jikoni.

"Umesikia nini?"

"Usijitie hamnazo, Olmedo. Yule mtoto siku ile alikuwa anaangalia bendera. Bendera! Nilimwona kwa macho yangu, mimi na mishikaki yangu nyuma ya uzio. Kila mpira ukipaa, anaangalia bendera. Wewe hujamwambia."

Ilikuwa kweli. Kiangazi, upepo wa kaskazini unaingia uwanja wa San Telmo kwa juu, kutoka nyuma ya uzio wa katikati, na kuurudisha mpira kwa wapigaji. Chini huusikii hata usoni, maana mabati ya uzio yanaukinga. Na bendera iliyo kando ya jukwaa ni mwongo mkubwa: upepo ukigonga paa unageuka, na bendera inapepea kuelekea uzioni, kana kwamba mpira utaenda mbali. Mgeni akiiamini, anakimbia kurudi nyuma na kuaibika. Mwenye kusema kweli ni moshi wa jiko la Nereida, lililokuwa la mama yake kabla yake. Moshi ukiinamia uwanjani, njoo mbele. Ukisimama wima, rudi nyuma.

Siri hiyo Olmedo hakuivumbua. Aliambiwa na Chebo, mlinzi wa katikati aliyemtangulia, jioni ya kwanza kabisa alipokuja kugombea nafasi yake. Ndivyo ilivyokuwa desturi pale: anayetoka anamwonyesha anayeingia. Chebo alimshika bega, akamwelekeza kidole kwenye moshi, na kabla ya msimu kwisha alikuwa amekaa benchi kwa ajili yake. Hakuwahi kumnunia hata siku moja. Olmedo yeye alikuwa amefanya mazoezi na Yahir tangu Januari, kila asubuhi, saa ambazo jiko halijawashwa. Mwanzoni alijiambia atamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake. Hata jioni ile ya nusu fainali, kijana alipokuwa anafunga viatu ili aingie, Olmedo alikuwa amekaa karibu naye kabisa, barafu gotini, na akauchuna.

Kesho yake asubuhi Yahir alikuja kama kawaida, akamwamkia Nereida, akakaa kwenye meza yao kula mkate wa kukaanga. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila siku hiyo alikuwa nayo.

"Anko Olmedo, jana nilikwenda mjini kwa daktari wa macho."

"Akasemaje?"

"Amenicheka. Anasema kwa macho haya naweza kuhesabu kunguni kwa jirani." Kijana alijaribu kutabasamu, tabasamu likagoma. "Kwa hiyo si macho. Ni woga. Ningependa yawe macho, anko, macho yana dawa. Fainali ikiisha narudi nyumbani nikamsaidie baba na ng'ombe. Nimeona nikwambie wewe kwanza, kwa sababu umenivumilia kuliko wote."

Nereida aliweka birika mezani kwa kishindo, akatoka nje. Olmedo aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Angeweza kustahimili kijana atukanwe na jukwaa zima. Kushukuriwa kulimshinda.

"Si woga," alisema. Sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Sikiliza. Si woga, na wewe hukukosea."

Akamweleza yote, upepo, paa, bendera, moshi. Yahir alisikiliza akiwa ameacha kutafuna.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa, au karibu na hapo."

"Na siku ile, mimi nafunga viatu, wewe umekaa pale."

"Ndiyo."

"Ukanitakia kila la heri."

"Ndiyo, Yahir. Nilitaka nafasi yangu. Nisamehe."

Olmedo alitamani apigwe ngumi, waanze na kumaliza hapo. Yahir alifuta vidole vyake taratibu, akasema asante kwa chai, akaondoka bila kumwita anko wala jina. Hakukuwa na mazoezi siku hiyo.

Olmedo alikwenda moja kwa moja kwa Kocha, akichechemea, asije akabadili nia njiani. Alimkuta anakarabati tela, akamwambia la moshi na la uongo wake bila kupamba. Kocha Arcesio aliweka spana chini.

"Nimemfokea yule mtoto mbele ya wenzake," alisema. "Nimemwita kuku mwoga. Kwa sababu yako."

"Najua. Mpange yeye."

"Nitampanga. Na wewe utakaa benchi ukiwa umevaa jezi, watu wakuone, na wakiuliza utasema ni goti. Sitaki timu ivunjike Jumamosi. Baada ya Jumamosi, tutaongea vizuri mimi na wewe."

Jumamosi jioni, kipaza sauti kilipotaja jina la Yahir Frías katikati, jukwaa lilipiga mbinja. "Miwani! Tumekuletea fimbo nyeupe ya kipofu!" "Kocha, umelewa, au Río Hondo wamekununulia ng'ombe?" Bibi mmoja wa safu ya mbele alimpigia Olmedo kelele kwamba goti si hoja, mume wake alilima miaka yote na mgongo uliovunjika. Olmedo akainama akijifanya anafunga viatu.

Kabla ya mrusho wa kwanza alimwona Yahir akikimbia mpaka uzio wa katikati, akichungulia kwenye upenyo wa mabati, akiongea na Nereida. Nereida aliinamisha kichwa kukubali, akaonyesha juu kwa koleo la mkaa. Hapakuwa na haja ya kusikia. Kijana alikuwa amekwenda kuthibitisha kama aliyoambiwa na kapteni wake ni kweli. Olmedo hakuwa na haki ya kuumia, lakini aliumia.

Mechi ilikwenda kwa kubanana mpaka zamu ya mwisho. San Telmo walikuwa mbele kwa pointi moja, Río Hondo wana watu wawili vituoni wakingoja kukimbia kufunga, na amebaki mpigaji mmoja wa kumtoa: mpira wake ukidakwa kabla ya kugusa chini, mechi imekwisha. Mpigaji huyo akaukuta mpira barabara. Ukapaa juu ya taa, na bendera ikawa inapepea kwa nguvu kuelekea uzioni, ikiapa kwamba mpira unakwenda huko. Yahir alivuta mguu mmoja nyuma. Jukwaa zima likaguna. Olmedo alisimama, goti na yote, mikono kichwani.

Kijana akageuza shingo kwenye moshi. Moshi ulikuwa umelala juu ya uzio, unaingia uwanjani.

Akaja mbele. Alikuja mbio kichwa kikiwa juu, mpira nao ukija kumlaki, ukishuka mapema kuliko akili ya mtu yeyote pale, na alipoona haufiki akajitupa kifua chini, glovu imetangulia. Akabaki amelala. Kisha akainua glovu, na mpira ulikuwa ndani.

Watu walivunja geti kuingia uwanjani. Bendi ilipiga wimbo wa Olmedo kwa kuwa hawakuwa na wimbo mwingine, halafu wakaanza kuimba jina la Yahir juu yake. Walimbeba begani, waliomletea fimbo nyeupe wakiwa mbele kabisa. Olmedo alifurahi, alilia hata, na furaha yenyewe ilimwona hastahili.

Wapiga picha walitaka kapteni na kijana pamoja. Wawili hao wakasukumwa pamoja, wakakumbatiana. Yahir alimkaza kwa mikono miwili, jasho na majani usoni, akitabasamu kwa ajili ya kamera, na akasogeza mdomo sikioni kwake.

"Kuna kingine ambacho hujaniambia?"

"Hakuna," alisema Olmedo. "Naapa mbele ya Mungu, Yahir. Ni hicho tu."

"Sawa, Kapteni."

Ilikuwa kweli tupu, na Yahir hakuiamini.