Pasi Hujaribiwa Kwenye Pindo

Kitendawili, na usijifanye unasinzia: nguo yangu nimeivaa tangu siku niliyozaliwa, sijaivua hata mara moja. Nilipokuwa mdogo ilinikaa sawasawa. Sasa nimekuwa mtu mzima, ndiyo inanipwaya. Ni nini?

Umeshindwa? Baki na mji wako, mimi sina wa kuufagia. Jibu ni ngozi.

Na kama kuna mtu aliyelijua jibu hilo mpaka likamkosesha hamu ya chai, ni fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo alilolishona yeye halikufumuka mpaka nguo yenyewe iombe kustaafu.

Mama Pindo alikuwa na pacha, mwanamke mwenzake. Walifanana mpaka mama yao, ambaye naye alikuwa fundi cherehani, siku moja alimlisha mmoja uji mara mbili na mwingine akalala na njaa. Tangu hapo akawa anawafunga uzi mkononi, mwekundu kwa huyu na wa bluu kwa yule. Watu walikuwa na swali moja tu kwao: "Nani mkubwa?" Nao walijibu kwa sauti moja: "Sisi pacha." Basi. Uliza kwa upole, uliza kwa ukali, jibu ni hilo hilo. Mume wa Mama Pindo, dereva mstaafu wa lori, aliliuliza wiki ya harusi, na kwa miaka thelathini na mitano hakuchoka kuliuliza.

Mama Pindo alilijua jibu. Mama yao alimnong'oneza siku alipokuwa akimpima gauni la harusi, pini zimejaa mdomoni. Alilimeza, akalifungia moyoni, asimwambie mtu, hata pacha mwenyewe.

Sasa pacha alikuwa anakuja kutembea, baada ya miaka kumi na miwili ya kuishi nchi ya mbali. Wiki ile walizungumza kwa simu ya picha. Uso wa pacha ulikuwa umenyooka kama shuka la hoteli. Katikati ya maongezi, jirani mmoja wa huko akachungulia begani mwa pacha, akasema kwa furaha kabisa, "Kumbe ndiye mama yako! Mmefanana kweli!"

Pacha akacheka. Mama Pindo naye akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kushikiza tu, cha pini, si cha uzi.

Simu ilipokatika alikwenda mbele ya kioo kirefu cha wateja, maana alishonea nyumbani. Akaweka vidole viwili karibu na masikio, akavuta mashavu nyuma.

"Hapa ningetoa nusu inchi," alisema. "Na hapa chini ya kidevu, robo tatu."

"Na tumbo hili langu utalitoa inchi ngapi?" mumewe aliuliza kutoka kitini.

"Hilo halina mshono, mzee. Hilo ni la kuanza upya."

Mzee akacheka mpaka gazeti likamwanguka. Mama Pindo hakucheka. "Siku tisa zimebaki," alisema. "Tumetoka tumbo moja, siku moja. Sitaki nisimame naye pale getini watu waseme mama kaja kumpokea mwanawe. Pacha nimezaliwa, pacha nataka kubaki."

Mzee akaokota gazeti lake taratibu. "Mke wangu, kwani nani mkubwa?"

"Sisi pacha," alijibu, akatoka.

Alikwenda kwenye chumba cha urembo juu ya duka la dawa. Ukutani kulikuwa na picha mbili za mwanamke mmoja, kabla na baada. Mama Pindo aliziangalia kwa jicho la kazi, akaona kwamba katika ile ya kwanza mwanamke amenuna na taa iko juu, na katika ya pili anatabasamu na taa iko mbele. Akaketi kungoja. Mtu aliyedhamiria kununua hakosi sababu.

Mtaalamu alikuwa kijana mwenye koti jeupe. Koti lenyewe halikuwa na kifungo cha tatu, na mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia.

"Karibu mama. Hapa kwetu hakuna kisu, hakuna sindano, hakuna kidonda. Mashine hii inapeleka joto chini ya ngozi. Ngozi inajikaza yenyewe."

"Kama sufu kwenye maji ya moto?"

"Eh... ndiyo, kama hivyo."

"Sufu ikiruka hairudi, mwanangu. Nimeshaona sweta la mtu mzima likimtosha mtoto mchanga. Sasa niambie, unatoa inchi ngapi?"

"Hatupimi kwa inchi, mama."

"Mnapima kwa nini?"

Kijana akafikiri. "Kwa kuridhika kwa mteja."

"Na ukikosea, kunafumuliwa?"

"Hatukosei, mama. Mashine hii inafaa ngozi zote. Utatoka hapa umerudi miaka ishirini nyuma."

"Usinirudishe mbali hivyo, wakati ule nilikuwa na meno mabovu."

Hata hivyo alilala kitandani. Ndiyo, alilala, usimcheke, maana neno *mama yako* lilikuwa bado linamtekenya sikioni kama mbu. Kijana akampaka kitu cha baridi mashavuni, akawasha mashine. Ikaunguruma. Na hapo mkono wa Mama Pindo ukainuka wenyewe, kama ulivyofanya maelfu ya mara juu ya meza ya kazi.

"Ngoja. Jaribu kwanza kwenye pindo."

"Wapi, mama?"

"Nyuma ya sikio. Kitambaa usichokijua hukipigi pasi kifuani. Unakigeuza, unatafuta pindo la ndani, unaweka pasi hapo, unangoja uone."

"Mama, mashine hii ni salama."

"Hata pasi iliyounguza gauni la bibi harusi ilikuwa salama. Nyuma ya sikio, mwanangu. La sivyo, nipe kitambaa nijifute nikashone."

Kijana akaguna, akatii. Akaweka kile kichwa cha mashine nyuma ya sikio la kushoto. Kwanza vuguvugu. Kisha moto. Kisha Mama Pindo akaruka kutoka kitandani, mafuta yanamtiririka shingoni.

"Hiyo ndiyo dalili kwamba inafanya kazi!" kijana alisema.

"Na mimi kukimbia ndiyo dalili kwamba nimeelewa," alijibu, akachukua mtandio wake.

Kesho yake pakatoka lengelenge la ukubwa wa kifungo cha shati. Alilificha chini ya mtandio. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuja binti yake alipomkumbatia na kumgusa palepale. Binti huyo alikuwa muuguzi katika wadi ya ngozi, na alikuwa na mdomo wa baba yake.

"Mama! Nani kakupiga pasi?"

Akaeleza yote, macho yakiwa chini kama mtoto aliyevunja kikombe. Binti akasafisha jeraha, akaweka dawa na kitambaa laini, na huku akisema.

"Sikiliza, fundi wangu. Mashine hizo zipo, na si uongo mtupu. Ngozi yako ina bitana kwa ndani, nyuzi zinazoishikilia. Joto likipimwa vizuri, nyuzi zinajikunja kidogo, halafu mwili unashona nyingine mpya. Lakini mwili unashona polepole kuliko wewe. Miezi mitatu, sita. Wengine wanarudia mara kadhaa, na mwaka ukipita-pita inalegea tena."

"Kwa hiyo ndani ya siku nane..."

"Ndani ya siku nane utapata uvimbe tu. Na kwa shavu lililoshuka kama letu la ukoo, utapata nafuu ndogo, ya kutafuta kwa miwani. Wapo wanaofurahi. Wapo wasioona kitu. Na wapo tunaowapokea wadini. Joto likizidi linaunguza, linaacha doa, na ngozi nyeusi hushika doa upesi. Nimeona mmoja shavu limebonyea kwa sababu mafuta ya chini yaliyeyuka. Mwingine mdomo ulikufa ganzi wiki tatu."

Mama Pindo akajishika shavu. Akilini aliliona, shavu zima, likiwa na lile lengelenge.

"Mtu akitaka," binti alimalizia, "aende kwa daktari wa ngozi, daktari amtazame ngozi kwanza, amuulize historia yake, na amwambie ukweli hata kama ukweli hauuzi. Yule wako alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kama nina nafasi saa tano."

Binti akaangua kicheko, kisha akamshika mama yake mkono. "Pindo limekuokoa uso, mama."

"Limeokoa uso," alisema Mama Pindo, "lakini uso wenyewe ni ule ule."

Siku ikafika. Alijifunga mtandio ukaziba masikio yote mawili, ingawa jua lilikuwa kali. Teksi ikasimama. Mzee akaenda kufungua mlango, na Mama Pindo akabaki getini, ameshika komeo kana kwamba litakimbia. Alikuwa akimngoja yule mwenye uso wa shuka la hoteli.

Aliyeshuka alikuwa na mashavu yake. Yaleyale, ya ukoo, yameshuka kwa kipimo kilekile. Mikunjo mitatu kila pembe ya jicho. Na kichwani, jua lote lile, amejifunga mtandio.

Wakatazamana.

"Mbona uso wako umenyooka kwenye simu?" Mama Pindo alisahau hata salamu.

"Simu hii! Mwanangu aliniletea, inajipigia pasi yenyewe. Inamlainisha kila mtu. Juzi imemlainisha paka." Pacha akamkagua naye. "Na wewe, mtandio wa nini? Unaumwa sikio?"

"Wewe je?"

Pacha akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuiba sukari. "Usinicheke. Yule jirani aliposema wewe ni mama yangu, nilicheka, lakini moyoni nikasema, nikienda kule na uso huu halisi, pacha wangu ataona nimemdanganya, nimejifanya mdogo. Nikaenda kwenye mashine, niufikie ule wa kwenye simu. Nikalala. Wakaiwasha. Halafu nikakumbuka maneno ya mama, kwamba pasi hujaribiwa kwenye pindo."

Akafungua mtandio. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na doa jeusi, duara, la ukubwa wa kifungo cha shati.

Zamu ikawa ya Mama Pindo. Alifungua wake, akageuza sikio la kushoto.

Nikwambie nini! Watu wazima wawili, miaka hamsini na tisa kila mmoja, wakashikana mabega pale getini wakacheka mpaka wakakaa juu ya sanduku la mgeni, na sanduku likapasuka mshono. Walicheka kicheko kimoja, kinaanzia puani na kuishia kwenye kikohozi. Dereva wa teksi alisimama na mfuko mkononi, asijue acheke au aite msaada.

"Mama angetuona!" pacha alisema, akifuta machozi.

"Angesema mmejaribu vizuri, lakini pasi yenu ilikuwa na moto mno."

Mzee alikuwa ameegemea ukuta, anawatazama. Masikio mawili, madoa mawili, mikunjo ile ile. Alikuna kidevu. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, akauliza, bila hata kutegemea kitu.

"Sasa jamani, kwani nani mkubwa?"

Pacha akafungua kinywa kutoa jibu lao la siku zote, akamgeukia mwenzake ili walitoe pamoja. Lakini Mama Pindo alikuwa ameinamia sanduku. Alikuwa akiupapasa mshono wa sanduku uliofumuka, anaupima kwa kidole. Akamtazama pacha wake, mashavu yote mawili, taratibu, kama mtu anayekagua kazi yake mwenyewe na kuikuta imesimama.

"Mimi," alisema. "Nilitangulia kutoka, nikakuta dunia ina baridi, nikalia mpaka na wewe ukaja."