Mashine Inanijibu

“Inanijibu,” baba mkwe alisema kwa mara ya nne.

“Ndiyo kazi yake, Baba,” nikasema. “Nimeitengeneza ijibu.”

“Inijibu mimi?”

“Wewe ndiye unayepiga. Imjibu nani mwingine?”

Akakiweka kibuyu chake juu ya gunia la chumvi, akatia mikono mifukoni mwa koti. Damiano alikuwa ameshaacha kupiga gitaa, lakini mashine ilikuwa haijamaliza. Kibuyu kikalia tena kwenye spika, mbwembwe zile zile, mpaka na pumzi aliyoivuta mzee kabla ya kupuliza. Baba mkwe akaigeukia spika kama mtu aliyetukanwa nyuma ya mgongo.

“Umesikia?” akaniuliza.

Nilisikia. Nilichosikia ni kitu kinachofanya kazi vizuri.

Tulikuwa kwenye ghala la zamani la ushirika hapa Mbamba Bay. Ushirika ulipoacha kununua mahindi, Abdulkarimu wa duka la vitenge alilikodi, akalipaka chokaa, akaliita ukumbi. Ufunguzi ulikuwa siku hiyo saa kumi. Nje alikuwa ametundika shuka lililoandikwa kwa rangi nyekundu: JAZZ NA MITAMBO. Jazz walikuwa Mzee Mansuetus, baba mkwe wangu, na kibuyu chake cha mganda, ngoma yetu ya huku ziwani, kile kinachopulizwa na kubandikwa utando wa buibui ubavuni ili kivume. Pamoja na Damiano, fundi cherehani, na gitaa lake la mbao lisilotumia umeme. Hawana nyimbo zilizoandikwa. Mmoja anaanza, mwingine anafuata, wanakwenda wanakokwenda. Mitambo nilikuwa mimi.

Nina stashahada ya ufundi wa redio na meza ya kazi sokoni. Tangu masharti ya biashara yalegezwe, redio kaseti zinaingia kutoka Malawi na Dar kwa wingi kuliko watu wa kuzitengeneza. Nilichukua mbili ambazo wenyewe walizisusa, nikaziweka sambamba, nikaunga utepe wa kaseti ukawa mduara na kuupitisha katika zote mbili. Ya kwanza inarekodi. Ya pili, utepe ukiifikia baada ya sekunde sita, inatoa kilichorekodiwa. Vyote, pamoja na spika, sasa vinakula betri moja ya lori. Siku nilipokipitisha kibuyu cha mzee humo ndani na kusikia ule mvumo wa utando ukirudi mnene, kama kuna wazee kumi nyuma ya ukuta, niliacha ugali ukaungua, na mimi si mtu wa kuunguza ugali.

Kosa langu lilikuwa moja. Mazoezi yote niliendesha kwa betri za tochi, nikasikiliza peke yangu kwa hedifoni, maana hiyo ya lori, yenye nguvu za kuendesha spika, tuliipata jana yake. Mzee alikuwa hajawahi kuisikia mashine. Alijua tu kwamba mkwe wake anahangaika na nyaya.

“Sipigi mahali ninapojibiwa,” akasema sasa.

Kwetu mafundi neno hilo ni sifa. Unabonyeza, kitu kinajibu, unashukuru Mungu, unamwita mwenye redio yake. Kwa hiyo nilidhani analalamikia jinsi inavyojibu. Nikaisogeza spika mbali na sikio lake. Akatikisa kichwa. Nikapunguza sauti. Akatikisa kichwa. Nikabadilisha waya wa maiki, maana kulikuwa na mngurumo kidogo, nikamwambia sasa iko safi.

“Safi kwa nani?”

Damiano akaninong'oneza, “Labda hajala. Wazee wakikosa ubwabwa huwa hivi.”

“Amekula kwangu. Sahani mbili.”

“Basi ameshiba mno.”

“Nakusikia, Damiano,” mzee akasema. “Hiyo suruali uliyonishonea mguu mmoja ni mfupi, nimenyamaza. Usinifanye niseme.”

Abdulkarimu akaingia na funguo mkononi. Baba yake alitoka Kilwa na vitambaa, na yeye hana subira na mtu anayechelewesha wateja. “Mama Eliza, watu wameshaanza kukaa. Kuna nini?”

“Sijui.”

“Mzee anasema mashine inamsemesha. Kama kuna kitu humo ndani tuambizane mapema. Shehe anakaa nyumba ya tatu.”

“Humo ndani kuna sumaku na utepe, Abdulkarimu.”

“Haya. Lakini ikifika saa kumi hapigi, mimi naweka kanda za Kikongo. Shuka nitalipindua.”

Angeweka kweli. Na akishaweka, nani angetuita tena? Bila kibuyu, mimi na Damiano tulikuwa gitaa moja na makelele. Nikatazama nyaya zangu kwa mara nyingine, moja baada ya moja. Zote zilikuwa sawa. Hilo ndilo lililonichanganya. Kifaa kibovu nakiweza, nakifungua, naona kilipoungua. Hapa hakuna kilichoungua, na bado kazi ilikuwa imekufa, na aliyeiua alikuwa amesimama pale na koti lake hataki kuniambia jambo moja linaloeleweka.

Uvumilivu ukaniishia. Nikasimama mbele yake, katikati yetu ile maiki.

“Baba, acha kuringa, watu wanakuja.”

Nikainama kuokota bisibisi. Ndipo spika ikasema, kwa sauti kubwa, mpaka wale waliokuwa mlangoni wakasikia: “Baba, acha kuringa, watu wanakuja.”

Mtu akacheka kule mlangoni. Damu ikanipanda. Nikageuka nyuma. “Nani ananijibu hapa?”

Ilinitoka kama inavyonitoka jikoni kila jioni, Eliza wangu anaposugua sufuria huku akirudia maneno yangu chini chini kwa sauti yangu. Nimemnyima chakula kwa hilo. Nimemwambia mtoto anayerudisha neno la mama yake hatafika popote.

“Nani ananijibu hapa?” spika ikauliza.

Damiano aliegemea ukuta akacheka mpaka gitaa likagonga tofali. Nikabonyeza, mashine ikasimama. Baba mkwe hakucheka.

“Umeona sasa,” akasema.

Nilianza kuona, na nilichokiona hakikunifurahisha. Nilikuwa nimemwita mzee mbele ya watu, nikamweka kitako, nikampa kitu kinachomrudishia kila anachosema, neno kwa neno, na kitu hicho ni cha mkwe wake. Halafu kwa kinywa changu nikamwambia anaringa, mara mbili.

“Nisamehe, Baba.”

“Wewe nimekusamehe. Hiyo je?”

“Ni mashine. Haina adabu wala haina ukosefu wa adabu.”

“Lakini inasema.”

Darasani tulifundishwa mwangwi ni nini na unapimwaje. Hatukufundishwa mwangwi una umri gani. Nikizima, shuka la Abdulkarimu linakuwa uongo. Nikiacha, mzee anakwenda nyumbani. Nikichelewesha iwe sekunde kumi badala ya sita, itakuwa imemjibu polepole tu. Nilisimama na bisibisi yangu, mtu mwenye stashahada, sijui nishike wapi.

“Imezaliwa lini?” mzee akauliza.

“Nini?”

“Hiyo.”

“Mwezi wa tano.”

“Mwezi wa tano,” akarudia, akimtazama Damiano kana kwamba ni shahidi. “Na hata salamu haikutoa. Imenikuta naongea, ikanidakia.”

Abdulkarimu alikuwa ameshika kanda zake tayari, anapuliza vumbi.

Nikafungua skrubu ya kibano, nikaichomoa maiki mbele ya kiti cha mzee, nikaihamishia kwenye gitaa la Damiano na kuifunga kwa uzi wa cherehani aliokuwa nao mfukoni.

“Kwa hiyo kibuyu hakiingii kwenye mashine?” Damiano akauliza.

“Hakiingii.”

“Si ndicho ulichokiundia mtambo wote huu?”

“Ndicho. Shika gitaa. Anza kama mtu anayepiga hodi, kidogo kidogo, halafu nyamaza.”

Sikujua kama wimbo utatoka humo au aibu. Ule mvumo uliorudi mnene, niliousikia peke yangu kwa wiki tatu, hapangekuwa na mtu mwingine wa kuusikia. Nikamgeukia baba mkwe.

“Baba, itaanza yenyewe, ikubishie hodi. Ukitaka utaiitikia. Hutaki, iache.”

“Nikiiacha?”

“Itaanza tena.”

Akakitwaa kibuyu juu ya gunia, akakagua utando wake kwenye mwanga wa dirishani, akakaa kitini.

“Waambie wafunge mlango,” nikamwambia Abdulkarimu, na sikungoja wafunge. Nikabonyeza.