Matone Sita ya Khampun

Nesi ameniomba nikae nanyi hapa kwenye benchi mpaka daktari amalize na mgonjwa aliye ndani. Anataka niwaambie mambo ya haya mafuta ya bangi, maana leo ndiyo mnapewa kichupa kwa mara ya kwanza. Karatasi mmepewa, someni wenyewe, mimi shule niliishia darasa la nne. Nitawaambia tu nilivyofanya mimi, ninyi msifanye hivyo.

Miguu ndiyo ilinileta. Miaka hamsini nimeinama kupandikiza mpunga, sasa inaungua nikilala, inarusha mateke yenyewe. Mke wangu Buali alivumilia mwaka mzima, halafu siku moja akakunja godoro lake akahamia upande wa pili wa nyumba, akafunga chandarua chake peke yake.

"Mzee, si kwamba sikutaki," akaniambia, "ila jana umenipiga teke la figo."

Tangu nimuoe sijawahi kulala chandarua cha peke yangu. Kwa hiyo nilikuja kliniki kwa sababu hiyo moja tu, nitulie nilale, mke wangu arudi.

Daktari Wilai akanipa kichupa. "Tone moja chini ya ulimi kabla ya kulala, baba. Wiki nzima moja tu, halafu uje tuone." Akaniuliza kama nina dawa nyingine ninayokunywa. Nikasema sina. Dawa ya presha nilikuwa nayo, lakini niliogopa ataninyima.

Sasa hapo ulipokaa wewe mama mwenye kikapu, siku hiyo alikuwa amekaa Khampun.

Enzi za ujana wetu, wasichana wa kijiji walikuwa wanawasha moto uani jioni, wanasokota hariri, na sisi vijana tunapita kuwasemesha. Khampun alikuwa anapuliza filimbi ya matete, akianza tu hata mbwa wananyamaza. Mimi sikujua kupuliza chochote. Nilipeleka kuni. Buali akanichukua mimi, na miaka hamsini na miwili yote sikuwahi kumuuliza kwa nini. Niliogopa jibu.

Basi Khampun akaniuliza, "Wamekupa mangapi?"

"Moja."

Akacheka. "Moja? Mimi sita."

Sita! Mimi moja, yeye sita. Halafu Buali, aliyekuwa amenisindikiza, akamsogelea, wakanong'onezana, akamshika mkono. Mkono, jamani. Na mimi nimekaa hapohapo.

Njiani nikamuuliza Buali, "Mbona yule anapewa sita? Daktari ni ndugu yake?"

"Yeye ni yeye, wewe ni wewe. Kunywa dawa yako."

Tone langu nikalinywa usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Usingizi ulikuja kidogo, mateke yakabaki. Na kila mchana Buali anafunga mchuzi wa samaki kwenye kikapu na wali wa kunata, anampelekea Khampun. Mimi nakula kilichobaki sufuriani. Siku ya nne akarudi anatabasamu: "Khampun siku hizi analala kama kichanga."

Hapo nikasema moyoni, na mimi leo nitalala kama kichanga.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Buali kaenda kuoga. Nikaweka matone mawili. Nikangoja kama muda wa kuvuta sigara moja, kimya. Nikaongeza mawili. Kimya. Nikamalizia mawili, nikasukumia na glasi ya pombe ya mchele ili yashuke upesi. Sikujua mafuta haya hayana haraka, yanaweza kukaa saa nzima ndipo yaanze.

Yalipoanza, yalikuja yote pamoja. Mdomo ukakauka kama pumba. Moyo ukawa ngoma. Nikaona nguzo za nyumba zinatembea. Nikainuka nizishike, nikaanguka juu ya kikapu cha wali. Majirani wakaja mbio, na mimi nimelala wali umeganda masikioni, napiga kelele:

"Buali! Kama unamtaka mpuliza filimbi, nenda kwake! Nenda na mchuzi wako!"

Mtaa mzima ulisikia. Mpaka leo watoto wakiniona wanapuliza vidole.

Wakanipakia kwenye pikapu ya kijiji. Khampun naye kaja kwa fimbo, kapanda nyuma na sisi. Mimi nikaamini nakufa, nikamshika mkono mtu huyohuyo, nikamwambia, "Usiniache."

Asubuhi nikazindukia wodini, yuko kwenye kiti.

"Kumbe unayaonea wivu matone yangu," akasema. "Yachukue basi. Ila chukua na ini langu."

Akafungua vifungo vya shati. Ngozi njano, mbavu zinahesabika, tumbo limevimba. Wale samaki wabichi tuliokuwa tunakula mashambani na ndimu na pilipili, wote wawili, sahani moja! Kwangu walipita, kwake waliacha minyoo, nayo ikamharibu ini. Na hayo sita hakuanza nayo. Alianza na moja, akapandishwa polepole miezi miwili. Buali alijua, ila Khampun alimkataza kusema. Sasa amesema niwaambie, ili msije mkaanguka kwenye wali.

Daktari Wilai alinigombeza mpaka nikatamani kurudi usingizini. "Baba, mafuta, pombe na dawa ya presha uliyonificha! Ulitaka nifungwe jela?" Kwa hiyo mwambieni kila dawa mnayokunywa. Na mkishayanywa haya mafuta, pikipiki msiiguse.

Sasa hivi niko kwenye mawili, baada ya mwezi. Miguu imetulia. Chandarua cha Buali kimekunjwa kabatini.

Lakini sitawadanganya, wivu bado ninao. Mchuzi bado unapelekwa, na siku hizi kikapu nabeba mimi. Si wema huo. Nataka niwepo wakinong'ona. Juzi tuko njiani na kikapu, nikajikaza nikamuuliza Buali, kwa nini hukumchukua yeye?

Akaendelea kutembea. "Filimbi alikuwa anatupigia wote," akasema. "Kuni ulikuwa unaniwekea mimi tu. Wenzangu walikuwa wanakuja kuota moto kwangu."

Kikapu kikawa chepesi, nawaambia. Mpaka tulipofika kwa Khampun, akaanza kumpepea.

Huyo aliye ndani na daktari sasa hivi ni yeye. Kafika matone tisa. Buali kaingia naye kumshika mkono, na mimi niko hapa, jicho kwenye mlango. Wamekaa mno humo. Mama mwenye kikapu, hebu chungulia kidogo... Basi, basi, unafunguliwa.

Haya, nani anafuata? Na mkitoka, msiulizane matone.