Kitambaa cha Mama

Tonton Médard, kaka mkubwa wa baba yangu, ana kipaji cha kuficha kifo. Babu alipofariki asubuhi ya harusi ya Yolande, binti yake Tonton, yeye ndiye aliyemkuta. Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni na kuwaambia wageni kwamba mzee ana homa kidogo, asisumbuliwe. Tulikula, tukacheza. Bibi harusi alipokwisha kuondoka kwenda kwa mumewe, ndipo mlango ulipofunguliwa. Kwetu sisi watu wa maporomoko, kilio kikishapigwa na mtu wa nyumba, hakuna binti wa nyumba hiyo anayeolewa wala kusafiri hadi matanga yaishe. Angetangaza mapema, mbuzi wangechinjwa bure. Watu walimsifu kwa akili zake. Hata mimi nilicheka, na kipande cha nyama kilikuwa mdomoni.

Basi huyo ndiye aliyetuletea habari kwamba dada yangu Florentine amelazwa Pointe-Noire, katika ile Congo nyingine, anakoishi na mumewe Landry na watoto wao wawili. Figo, alisema. Landry anashinda bandarini kazini, na hospitali bila ndugu wa kukufulia na kukupikia si hospitali. Mimi sijaolewa, na cherehani yangu inaweza kungoja. Tiketi alikuwa nayo tayari. Nilipoitazama nikaona ni ya kwenda tu.

"Ya kurudi iko wapi, Tonton?"

"Ugonjwa haina calendrier, Nyota. Akipona, tutanunua ya kurudi. Ao unataka tumupangie siku ya kupona?"

Nikaona haya. Florentine ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, akapigwa kwa makosa yangu mengi na hakunisema hata mara moja. Nampenda kuliko mtu yeyote duniani, Mama anisamehe. Kwa ajili yake ningeondoka hata bila viatu.

Nilipiga simu kila siku, na kila siku aliyepokea ni Landry. Mara dada amelala, mara amepelekwa kupimwa, mara daktari amekataza asiongee. Nikamwambia amwekee simu sikioni tu, nitasema mimi. Akaniuliza kama ni kweli kwamba mimi ni mtu wa hasira. Nikamjibu kwamba hasira ninazo za kutosha, na amwambie dada ajitahidi kula.

Nilifunga mzigo. Juu ya nguo niliweka samaki wa moshi aliowavua Papa, baba yetu, wale Florentine aliokuwa akiwala na kwanga, ule mkate wa muhogo, hadi tukamficha sufuria. Tonton akaja kupima uzito wa sanduku, akalifungua, akatoa kifurushi cha samaki.

"Acha hii," alisema. "Landry hapendi harufu ya samaki ya moshi."

Nikamuuliza kama Landry ndiye mgonjwa. Akatabasamu na kusema ni sheria za ndege. Mama aliwapokea wale samaki, akawaweka mezani, na hakuna aliyewagusa.

Kulikuwa na mengine. Papa hakuwa akishuka majini. Vikapu vyake vikubwa vya kutegea vilikauka ukutani, huku vya majirani vikining'inia kwenye miti waliyoisimika pale maporomokoni na kunasa samaki kama kawaida. Alisema maji yamekuwa makali. Papa yangu, aliyekuwa akienda kutega hata jino likimuuma na mvua ikimpiga! Mama naye alifunga kitambaa kichwani, akakivuta hadi kwenye nyusi, akapika nacho, akalala nacho. Nilisema moyoni kwamba kichwa kinamuuma. Mtu akitaka kudanganywa, macho yake mwenyewe humsaidia mdanganyifu.

Siku ya safari Papa aliniaga mlangoni bila kunitazama usoni. Tulikwenda uwanja wa ndege wa Bangboka kwa gari la kukodi, Tonton mbele na dereva, mimi na Mama nyuma. Njiani Tonton alinipa mashauri. Niwe mpole. Watoto wanizoee upesi. Nisimjibu Landry vile ninavyomjibu yeye. Akaongeza kwamba nyumba ni ile ile, hakuna kitakachobadilika. Sikuuliza ana maana gani. Niliogopa, nikatazama miti ya kando ya barabara.

Uwanjani Tonton alitangulia na sanduku kwenye mstari. Nikamkumbatia Mama. Aliongea shingoni mwangu, taratibu, kama mtu anayesali.

"Walinipatia Biblia mu mikono. Niliapa hii neno haitatoka mu kinywa yangu."

"Neno gani, Mama?"

Aliushika mkono wangu na kuuingiza chini ya kitambaa.

Mama ana nywele nyingi, na mimi ndiye ninayemsuka. Vidole vyangu vilitafuta misuko, havikukuta kitu. Ilikuwa ngozi tupu, na mikwaruzo ya wembe alioutumia mwenyewe, bila mtu wa kumsaidia kufika kisogoni. Kwetu mwanamke hunyoa hivyo kwa kufiwa na mume au na mtoto. Papa nilikuwa nimemwacha mlangoni, mzima.

Hapo yote yakanijia kwa pamoja. Wazee wetu wengine bado wanashikilia kwamba mke akifa, nyumba alikotoka hutoa mdogo wake akalee watoto na kukalia kitanda. Nilikuwa nikipelekwa kuolewa na Landry. Tiketi ya kurudi haikusahauliwa na mtu.

Sitajisifu, nilisita. Hakuna aliyekuwa ametamka lolote. Nikinyamaza nitapanda ndege, na Florentine ataendelea kuwa hai mpaka Pointe-Noire, amelala, anapimwa, daktari amekataza. Nikipiga kilio, sitasafiri wala kuolewa hadi matanga yaishe, lakini dada amekufa sasa hivi, na aliyemuua ni mimi kwa mdomo wangu. Tonton alikuwa akinipungia mkono niharakishe, tiketi ikichungulia kati ya vidole vyake.

Nikaweka mikono kichwani, nikamlilia dada yangu kwa jina lake.

Mama akavua kitambaa. Akaketi chini sakafuni mbele ya watu wote, miguu ameinyoosha, jinsi wafiwa wanavyoketi, akaitikia kilio changu. Wanawake nisiowajua waliacha mizigo yao kwenye mstari, wakaja kulia nasi, maana kilio hakiulizwi ni cha nani. Tonton alirudi polepole. Nilitarajia atanipiga. Aliikunja tiketi kwa uangalifu, akaitia kwenye mfuko wa shati, akachuchumaa na kunifuta machozi kwa kidole gumba.

"Lia, mutoto. Lia muzuri," alisema. "Matanga iko na mwisho yake."

Mama alinikamata kifundo cha mkono, na hakukiachia hata ndege ilipoondoka.